Lenzi ya Baba na Uso wa Shangazi

Nilikuwa nimechoka kabla hata shangazi hajapiga simu. Nalisema hilo kwanza ili mtu asije akadhani nina roho mbaya. Ukae kwenye studio ndogo tangu asubuhi, upige picha za pasipoti watu wanaokuapia kwamba sura iliyotoka si yao, ukate, ulaminishe, ujibu "Dada, huwezi kunitoa huu weusi chini ya macho?", halafu baba yako aingie na begi lake la lenzi za enzi na enzi aseme, "Huyu nampiga mimi." Hata wewe ungechoka.

Baba ndiye mwenye studio. Wateja wanamwita Mzee Tulia, kwa kuwa hilo ndilo neno analomwambia kila anayekaa mbele yake. Tulia. Tulia hivyo hivyo. Awe mtoto mchanga, awe bwana harusi, awe ofisa mwenye haraka ya kurudi kazini, wote ni tulia. Na kutulia lazima utulie, maana zile lenzi zake ni chuma na kioo basi, hazina mota wala waya. Fokasi unaitafuta mwenyewe kwa kuzungusha pete na vidole, taratibu, mpaka sura ikae sawa. Lenzi zangu mimi zinajitafutia zenyewe. Unabonyeza, inalia kidogo, imemaliza. Baba anasema hizo si lenzi, ni watumishi wasio na adabu.

Kamera yake ya zamani ilishakufa na spea zake hazipatikani tena. Ndipo kaka yangu akamnunulia kamera mpya ya dijitali, na mimi nikatumwa kutafuta adapta, yaani kile kipande cha chuma cha duara kinachokaa katikati: upande mmoja kinashika lenzi ya zamani, upande wa pili kinaingia kwenye kamera ya kisasa. Dukani ziliwekwa nyingi, zote zinafanana. Nikachukua moja nikaondoka.

Baba alifurahi jamani. Alizivalisha lenzi zake zote kwenye ile kamera mpya, moja baada ya nyingine, akizisifia kama watoto waliofaulu mtihani. Ila tangu siku hiyo picha zake zikawa na ukungu. Si ukungu wa kupendeza ule wa lenzi za kale, hapana, ukungu wa kosa. Mteja anatazama picha yake, anakunja uso, ananitazama mimi. Namwambia arudi baadaye kidogo, baba akienda kula, nampiga upya kwa kamera yangu, tunaachana kwa amani. Nimefanya hivyo miezi mingi. Wengine baba aliwakuta barabarani wakamshukuru kwa picha nzuri, akarudi kifua mbele. Mimi nikawa nanyamaza.

"Mwambie apumzike," kaka alikuwa akinipigia na kusema. "Mzee amezeeka, mkono unatetemeka. Anatuaibisha."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye unakaa naye."

Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mimi ndiye ninayekaa naye. Kana kwamba kukaa na mtu ni cheo nilichoomba.

Basi, ndipo shangazi akapiga simu. Baba ana dada mmoja tu, aliyemfuata kuzaliwa, anaishi mbali, na hawakuwa wameonana tangu msiba wa mama. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani. Si kwa kupona. Walimrudisha kwa sababu hawakuwa na la kufanya tena. Binamu yangu, mwanawe, alikuwa ameshatuambia mimi na kaka. Baba hakuambiwa, kwa amri ya shangazi mwenyewe.

"Nataka picha," akaniambia shangazi. "Moja, nzuri, ile ya kuwekwa." Hakusema ya kuwekwa wapi, na mimi sikuuliza.

"Njoo shangazi, nitakupiga vizuri sana."

"Nani kasema wewe? Kamera yako hiyo inanionyesha hadi vinyweleo vya pua. Anipige kaka yangu, kwa ile lenzi aliyonipigia nikiwa msichana. Na sikiliza, we mtoto. Asijue naumwa. Akijua atalia, akilia hatapiga kitu. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sina nguvu ya kuja mara mbili. Nikija, nimekuja."

Nikakata simu nikashika tama. Nilimwona tayari kwenye fremu, juu ya jeneza, uso wote ukungu, watu wanapita wanajiuliza ni nani huyo. Nikamwambia kaka. Naye, kama kawaida yake, akatoa hukumu akiwa amekaa kwake: baba ampige shangazi ili roho yake itulie, mimi nisimame pembeni na kamera yangu nipige za kweli, na shangazi akishaondoka nimwambie baba kwamba basi, sasa kamera iwekwe kabatini. Haya bwana.

Shangazi alipanga kuja Jumamosi. Ijumaa akaja fundi cherehani wa jirani, mama mmoja mcheshi, akitaka picha ya kumtumia mwanawe. Baba akamdaka mlangoni.

Huwa nikimtazama baba akifanya kazi natamani kucheka na kulia. Kwanza ile kamba. Amefunga kamba kwenye shingo ya stendi ya kamera, na kabla ya kumpiga mtu anaivuta mpaka shavuni kwa huyo mtu, ikikaza ndipo anaridhika. Ikilegea anasukuma kiti nyuma, isipofika anakivuta mbele. Kisha anarudi kwenye lenzi anazungusha pete mpaka kidole gumba kikute mkwaruzo alioutia kwa msumari zamani hizo. Hapo fokasi imekaa kwenye urefu wa kamba. Anasema aliianza enzi za filamu, taa zilipokuwa hafifu na huwezi kupoteza hata picha moja. Mimi nilikuwa naona ni mbwembwe za kikongwe. Wateja huwa wanaipenda.

"Tulia," akamwambia fundi. Akainama, akaweka jicho kwenye kidirisha cha kuchungulia. "Hapo hapo! Inua kidevu. Naona vizuri kabisa. Mama, leo umependeza."

"Mzee wewe muongo," fundi akacheka, na baba akabonyeza.

Akapiga nyingi, akachoka, akaenda kujinyoosha chumba cha nyuma. Nikachukua kamera nihamishe picha. Nikaweka jicho kwenye kidirisha. Giza.

Nikadhani kamera imezimika. Haikuwa imezimika. Kidirisha cha kamera hizi mpya si kioo cha kuona moja kwa moja, ni kitelevisheni kidogo, na unaweza kukizima. Asubuhi ile, yangu ikiwa kwenye chaji, nilikuwa nimetumia kamera hiyo ya baba kumpiga mtoto mchanga aliyelazwa juu ya shuka, nikahamishia picha yote kwenye skrini ya nyuma ili nione kwa juu. Nilipomaliza nikaikunja skrini, nikasahau kurudisha. Kwa hiyo kidirisha kilikuwa kimezimwa tangu asubuhi. Baba alikuwa ameinama pale, jicho moja amefumba, anachungulia weusi mtupu. Naye akasema naona vizuri kabisa.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Kwa hiyo haoni. Ndiyo maana ananiachia mimi kusoma ujumbe wa simu yake eti miwani ameisahau. Ndiyo maana hataki viti vihamishwe, na siku ile nilipohamisha meza ya printa aligombana na mimi hadi wateja wakatoka nje. Nikamwogopea, kisha nikamkasirikia, nikamkasirikia sana, kwa sababu tunalala nyumba moja na kula sahani moja na aliniacha nimwone mzembe.

Nikazifungua picha za fundi kwenye kompyuta, nikazikuza. Macho, ukungu. Pua, ukungu. Masikio, aisee, masikio yalikuwa makali mpaka unaona tundu la hereni. Nikafungua za wiki iliyopita, nikafungua za mwezi uliopita. Kila mteja, macho ukungu, masikio safi. Nikarudi kutazama zote tena kwa sababu sikuamini.

Mkono unaotetemeka haukosei namna moja kila siku. Mkono wa baba ulikuwa unafika palepale, kila mara, bila macho. Kilichokosea kilikuwa kile kipande cha chuma nilichonunua mimi. Adapta ilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, wembamba ambao huuoni kwa jicho, ikaivuta lenzi ndani kidogo, na kila fokasi ikasogea nyuma kidogo. Ikatoka machoni ikaenda kukaa masikioni. Mtu anayeona angegundua na kurekebisha palepale. Baba angegunduaje?

Nikafunga mlango wa mbele nikageuza kibao kisomeke "Tumefunga". Nikafungua skrubu za adapta, nikachukua karatasi ya foili ya jikoni, nikakata duara kwa mkasi wa kucha, nikaipachika ndani, nikafunga. Nikaweka boksi la wino wa printa kwenye kiti, nikavuta ile kamba mpaka kwenye maandishi yake, nikazungusha pete hadi kwenye mkwaruzo, nikapiga. Bado. Nikafungua tena, nikaongeza karatasi. Bado. Ikakunjika, nikaitupa, nikakata nyingine. Shingo inauma, skrubu zinaanguka chini ya meza, nazitafuta kwa magoti kama mwizi kwenye studio ya baba yangu. Na baba anakoroma. Jua lilikuwa linazama ndipo maandishi ya boksi yakatoka makali, herufi kwa herufi.

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Kila mtu katika ukoo huu alikuwa na siri ya kutunzwa, na ghala lenyewe lilikuwa mimi.

Jumamosi binamu akaegesha gari mlangoni, akamshusha mama yake karibu kwa kumbeba. Nilikuwa nimejiandaa, lakini wapi. Shangazi yule mnene, aliyekuwa akicheka mpaka viti vinalia, alikuwa amebaki nguo. Nguo nzuri, kilemba kimefungwa vizuri, wanja umepakwa, ila ndani yake hakuna mtu wa kuijaza. Sauti tu ndiyo ilikuwa ileile.

"Yuko wapi huyo mzee?" akapaza akiwa mlangoni. "Nimekuja kupigwa picha, sijaja kutazama makabati!"

"Heee! Mdomo haujazeeka!" baba akajibu kwa furaha, akatoka nyuma mikono imetanuka, akielekea kwenye pazia la picha. Kisha sauti ya shangazi ikatokea upande mwingine naye akajigeuza kama mtu aliyekuwa anatania.

"Usinikumbatie! Nimepigwa pasi. Utanivuruga. Picha kwanza."

"Haya, kaa. Malkia akae."

Tukamkalisha, mimi na binamu. Nikashika kamera yangu nikajibanza pembeni kama tulivyopanga na kaka. Shangazi akaniona. Akanikazia macho, nikaishusha.

Baba akavuta kamba. Akaja nayo pole pole mpaka kwenye kiti, mkono wa kushoto ukitangulia hewani, ukamkuta shangazi bega, ukapanda shingoni, ukafika shavuni. Kidole gumba kikatulia juu ya mfupa wa shavu. Kikakaa. Nilimsubiri aseme kitu. Kikakaa muda mrefu kuliko anavyofanya kwa mteja yeyote.

"Unanipima nguo au unanipiga picha?" shangazi akauliza.

"Tulia," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akarudi nyuma kwa kuifuata kamba, akashika lenzi, akazungusha pete mpaka kidole kilipokuta mkwaruzo. Akainama kwenye kidirisha. Hakusema naona vizuri wala umependeza. Akasema tena tulia, na shangazi, ambaye maisha yake yote hajawahi kutulia, akatulia. Baba akabonyeza. Akabonyeza tena na tena, halafu akasimama wima akasema imetosha.

Nikakimbilia kompyuta. Jamani, ilikuwa imetoka. Macho ya shangazi yalikuwa makali hadi unaona dirisha letu dogo limo ndani ya mboni, na kope moja moja, na wanja uliovuka mstari kidogo kwa sababu mkono wake nao umechoka. Kutoka hapo mwanga ulikuwa unalegea taratibu kuelekea mabegani, kama lenzi zile zinavyofanya na hizi zangu hazijui. Hakuwa amefichwa kitu, alikuwa mgonjwa na alionekana mgonjwa. Lakini alikuwa anamtazama aliye nyuma ya kamera kwa namna ambayo mimi, kwa kamera yangu, asingenitazama hata siku moja.

Binamu akamsogeza mama yake mbele ya skrini. Shangazi akainama kuitazama.

"Ndiyo mimi huyo," akasema. "Nichapie hiyo. Sasa nirudishe nyumbani, mgongo unaniuma."

Alimuaga baba kwa kumpiga kofi dogo mkononi, kama watoto, akaingizwa garini.

Baba alibaki amekaa kwenye kiti alichotoka shangazi. Nikawa najifanya nafuta lenzi. Simu yangu ikaingia ujumbe wa kaka: umeshamwambia? Nikaigeuza kifudifudi.

"Imetoka?" baba akauliza.

"Imetoka, baba. Kali kabisa. Kope unaweza kuzihesabu."

"Anafananaje?"

"Amependeza. Ile nguo imemkaa, na kilemba chake..."

"Sikukuuliza nguo. Amekonda?"

Nilikuwa nimeahidi. Nilimwahidi shangazi, nikamwahidi kaka, nikamwahidi binamu. Lakini nilikuwa nimechoka, nimechoka na hii nyumba ya kunong'onezana, na yule pale alikuwa baba yangu, uso ameuinua kuelekea sauti yangu ilipo, anasubiri.

"Amekonda, baba. Amekonda sana. Walimrudisha nyumbani kwa kuwa hawawezi kitu tena. Ile picha ni ya mazishi."

Akatikisa kichwa pole pole.

"Nilipomgusa shavu," akasema, "nilidhani vidole navyo vimeanza kunidanganya."

Hapo nikalia. Nikamwambia kwamba najua, kwamba jana kidirisha kilikuwa kimezimwa kutwa. Akaguna, nusu kama anayecheka. "Nilijua siku moja utanishika." Kumbe alishakwenda hospitali peke yake, siku aliyoniambia anakwenda kunyoa. Presha ya macho, wakamwambia, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Akarudi nyumbani bila kunyoa, na mimi sikuona.

"Mpigie shangazi yako," akasema.

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikaishika simu mbele ya mdomo wake. Gari lilikuwa bado njiani, injini inasikika.

"Kwa nini hukuniambia?" baba akauliza. Hakusalimia.

Shangazi akasema, "Na wewe je? Nimeingia pale, ukaja mikono mbele kulikumbatia pazia."

"Uliniona."

"Nilikuona, kaka. Nilikuona tangu mlangoni."

"Na ukakaa nikupige hivyo hivyo."

"Ningekaa kwa nani mwingine?"

Baba akaufunika uso kwa mkono wake mmoja, mabega yakawa yanatikisika, na kwenye simu shangazi alikuwa anavuta kamasi na kumwambia binamu asigeuke, atazame barabara. Simu ya kaka ikaingia katikati, ikatetemeka mkononi mwangu. Nikaikata. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuaga, na mimi nikabaki nimesimama kati yao nimeishika ile simu mpaka mkono ukafa ganzi.